Soko Lililoacha Kuulizia Mikono

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mmoja na ufundi mmoja. Mtoto aliitwa Hadia. Ufundi ulikuwa ususi wa mikeka. Mwanamke mwenyewe aliitwa Bi Sikudhani, na alikaa katika kijiji cha Bondeni, chini ya mlima ambao upande wake wa pili kuna nchi iitwayo Ng'ambo. Mume wake alikwisha kufariki, kwa hiyo vitu hivyo viwili ndivyo alivyobaki navyo, na alivilea pamoja. Alimfundisha binti yake kuchana miyaa ya ukindu, kuitia rangi, kuisuka iwe ukili, ule utepe mrefu, na kuushona ule ukili mstari kwa mstari mpaka uwe mkeka. Hadia alitumia mkono wa kushoto. Mama yake alimgombeza sana mwanzoni, maana ukili wake ulilala upande usiozoeleka. Baadaye akaona ukili wenyewe haufumuki, akamwacha asuke anavyojua.

Kule juu, kwenye bega la mlima, palikuwa na soko. Watu wa Bondeni walipanda huku, wa Ng'ambo wakapanda kule, wakakutana. Na soko lile lilikuwa na desturi ambayo sijaisikia mahali pengine. Muuzaji akishapanga bidhaa yake, anaweka viganja vyake viwili wazi juu yake. Mnunuzi anaviangalia kwanza, ndipo anauliza bei. Akiona mkono umeungua, au umekatwa, au umevimba, hanunui. Anauliza, "Nani kakuumiza?" Hapo soko zima linasimama mpaka swali lile lipate jibu. Kama ni jembe liliteleza, watu wanampa pole na biashara inaendelea. Kama ni mwenye shamba kampiga, mwenye shamba anaitwa, na siku hiyo hauzi wala hanunui mpaka jambo liishe.

Mtu mmoja tu alisamehewa, naye ni mfiwa. Aliyefiwa alikuja sokoni amefunika mikono kwa kitambaa, akauza bila kuulizwa neno, siku arobaini. Kumwambia mfiwa afunue mikono lilikuwa jambo la aibu kubwa, na hata walevi wa soko lile hawakuthubutu kulifanya.

Msidhani nawapambia. Desturi ile iliwachosha watu. Wapo waliokuwa wachokozi, wanaouliza kovu la miaka kumi ili tu wamcheleweshe jirani waliyegombana naye. Siku moja nyanya za watu zilichacha juani huku soko zima likibishana juu ya kidole kimoja kilichobanwa na mlango. Mwenye nyanya alilia, na alikuwa na haki ya kulia. Nayasema haya kwa sababu mkataba nitakaousimulia haukuletwa na majambazi. Uliletwa na watu wenye viatu safi waliosalimia vizuri, na ulipokelewa na watu waliochoka kusubiri.

Walikuja wajumbe kutoka Ng'ambo. Walisema kwao kumejengwa banda kubwa la ususi, lenye mashine za kuchana miyaa na wasusi wengi kuliko watu wa vijiji vitatu. Wataleta mikeka, vikapu na kofia, bei nafuu, na watachukua mpunga na nyanya za Bondeni zote kabla hazijaharibika. Mkataba ulisomwa siku saba. Wazee wa Bondeni waliuliza maswali mazuri. Waliuliza juu ya mizani, wakauliza juu ya barabara, na juu ya nani atalipa daraja likivunjika. Katika siku ya sita kilisomwa kifungu kisemacho kwamba mzigo utafika umefungwa na kupigwa muhuri, kwamba wenye mikono iliyouandaa hawatakuja nao, na kwamba mnunuzi hataulizia mikono hiyo.

Wazee walitazamana. Nadhani mnafikiri walikasirika. Hapana, waliwaonea huruma. Maishani mwao hawajawahi kumwona mtu anayeficha mikono yake sokoni isipokuwa amefiwa, basi wakajua kwamba hawa wageni wana msiba, na kama banda ni kubwa kiasi hicho basi na msiba wao ni mkubwa. Mfiwa haulizwi. Mzee Kunambi, mkuu wa soko, aliinuka akapiga dole gumba lake kwenye karatasi, akampa mjumbe mkono, akamwambia, "Poleni sana." Mjumbe alishangaa kidogo, akashukuru.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Heshima waliyomwekea mtu aliyepoteza mama yake, walimpa mwenye banda. Na hawakumpa siku arobaini, walimpa daima.

Vifungu vingine vilikuwa vya kawaida. Mzigo wenye muhuri utapita lango la mlimani, lililo kati ya soko na Ng'ambo, bila kufunguliwa wala kuulizwa. Atakayeuchelewesha atafidia siku iliyopotea. Ugomvi ukitokea utaamuliwa na watu watatu, na watu hao watachaguliwa na wenye mizigo. Kuhusu wanadamu kuvuka, mkataba haukusema kitu, na pale uliponyamaza ilibaki sheria ya zamani ya lango: mtu havuki ila kwa kibali.

Soko likachangamka. Lazima niseme ukweli, likachangamka kweli kweli. Bondeni kulionekana mabati mapya. Nyanya hazikuchacha tena, maana hata wauzaji wa Bondeni waliacha kuweka viganja. Watu walinunua mikeka miwili kwa bei ya mmoja, wakatandika hadi kwenye baraza. Ila mikeka ya Bi Sikudhani ilikaa. Alisuka mkeka wiki tatu, na karibu yake palishushwa mikeka mia kwa asubuhi moja. Akapunguza bei, akapunguza tena, mwishowe akawa anapika uji na kuwauzia wachukuzi. Hadia akamwambia, "Mama, ufundi wangu unatakiwa kule. Niache niende." Ng'ambo walitoa vibali kwa wasusi, na yeye akapewa kimoja. Mama yake alimfungia sindano ya kushonea mikeka kwenye pindo la kanga, akamsindikiza hadi langoni.

Mwaka wa kwanza salamu zilikuja. Mwaka wa pili zilikoma. Bi Sikudhani alimuuliza mjumbe wa Ng'ambo, naye akamjibu kwa upole kwamba wasusi wote wapo salama. Alikwenda langoni akaomba kuvuka, akaambiwa alete kibali. Aliomba kibali, akaambiwa kibali hutolewa Ng'ambo. Akakaa pembeni ya lango siku nzima akitazama mizigo inapita. Kitunguu kilivuka. Kofia zilivuka, na maboga nayo yakavuka, wala hayakuulizwa yanakwenda kwa nani. Jioni akarudi kupika uji wa kesho.

Mwaka wa tatu jirani yake alikuwa anaoza binti. Alinunua mkeka mpya wa Ng'ambo, akauleta kwa Bi Sikudhani amkunjie ukingo vizuri, maana mikeka ya banda ilikuwa na ukingo wa kulipua. Bi Sikudhani aliukunjua uani asubuhi, akapiga magoti, akapitisha vidole juu yake kutafuta pa kuanzia.

Jambo hili nimelisimulia mara nyingi, na kila nikifika hapa hueleza kwanza mkeka ni nini.

Mjue kwamba mkeka ni ukili mmoja mrefu. Unasukwa siku nyingi, ndipo unashonwa. Aliyeusuka anaweka siku zake humo zikifuatana, na ajuaye kusoma anazisoma. Vidole vya Bi Sikudhani vilipita mistari miwili vikasimama. Ukili ulikuwa umelala upande wa kushoto. Akarudi mwanzo, akausoma polepole. Mistari ya kwanza ilikuwa imekazwa sawasawa, ni mtu aliyelala usingizi na kula. Katikati ya mkeka, miyaa ililegea kila baada ya nafasi fulani kisha ikakazwa kwa nguvu: mtu anasinzia, anashtuliwa, anaendelea. Palikuwa na alama ya kahawia ambayo si rangi ya miyaa. Na baada ya alama ile ukili ulibadilika. Kila ukindu wa tatu ulikaa juu juu, haukushikwa. Bi Sikudhani aliinua mkono wake mwenyewe wa kushoto akasuka hewani, akatafuta ni kidole kipi kinachoshika ukindu wa tatu. Ni cha shahada. Akakikunja, akasuka tena hewani, na mkono wake ukafanya kosa lile lile lililokuwa mkekani.

Akakaa chini kando ya mkeka. Mtu anaweza kufungiwa nyuma ya mlima, kibali chake kikafungiwa kabatini, jina lake lisitajwe, na bado mkono wake ukasema yote kwa aliyeufundisha. Jirani alipokuja kuchukua mkeka wake alimkuta hajakunja ukingo. Alipoelezwa, naye alikaa chini. Akasema mkeka ule hatautandika.

Siku ya soko Bi Sikudhani hakubeba sufuria ya uji. Aliubeba mkeka. Aliutandika mbele ya mizani, pale ambapo mizigo yote lazima ipite, akapiga magoti, akaweka viganja vyake viwili wazi juu yake. Kwa zaidi ya miaka mitatu hakuna aliyekuwa ameona viganja katika soko lile, na wapo waliogeuza uso kana kwamba wameona mtu akivua nguo. Ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida tu, ile anayotumia kuuza uji:

"Hawa waliosuka hawajafiwa, wameumizwa, na mimi naulizia mkono wa mwanangu."

Mjumbe alimkumbusha kwamba anachelewesha mzigo. Muuza vitunguu mmoja wa Bondeni alimkemea aondoke njiani, kwa kuwa watu wana watoto wa kulisha, na wengine wakamuunga mkono. Nawaambieni hivyo kwa sababu hadithi nyingi huwafanya wanakijiji wote kuwa wema kwa pamoja, na mimi sijaona kijiji cha namna hiyo. Lakini alikuwepo mchukuzi wa Ng'ambo, mtu wa makamo anayeitwa Kibwana, amesimama mbele ya mizani na robota la mikeka mgongoni. Alikuwa anakunywa uji kwa Bi Sikudhani tangu mwanzo. Alilishusha robota lake taratibu. Akapiga magoti upande wa pili wa mkeka, akafungua viganja vyake. Kamba zilikuwa zimevichimba mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Mchukuzi wa pili akashusha mzigo wake, akafanya vile vile, na wa tatu pia. Hawakuwa wametumwa na mtu, na hawakupiga kelele. Mizigo ilikaa chini katika jua na soko likasimama kama zamani, hata kwa walioguna kuhusu watoto wa kulisha.

Mzee Kunambi alisogea akaviangalia viganja vile kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho alisema, "Nilidhani wana msiba," na uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba ameuza nyumba yenye watu ndani.

Wale watu watatu wa mkataba waliitwa waamue. Sitawasema vibaya, walikaa wakasoma mkataba wote kwa makini. Waliamua kwamba mkataba unajua mizigo, haujui mikono, na kwa hiyo swali la mwanamke halina mahali pa kuingilia. Bondeni ifidie siku iliyopotea. Ama huyo Hadia, hakuna aliyemzuia kuja sokoni kueleza shida yake mwenyewe, mradi awe na kibali. Kibali chake kiko wapi? Kiko kabatini kwa mwenye banda, kwa usalama wake. Bi Sikudhani alisikiliza hadi mwisho. Alikunja mkeka wake akaushika kifuani. Kibwana naye alisikiliza hadi mwisho, amekaa juu ya robota lake.

Wiki iliyofuata, siku ya soko, mizigo ilifika kama kawaida. Kibwana alikuwa wa nyuma kabisa, anatembea polepole, amebeba robota kubwa kuliko yote. Lilikuwa limeshonwa pande zote na kupigwa muhuri wa banda. Wasusi ndio waliolifunga. Msimamizi wao alikuwa amegonga muhuri juu yake bila kuangalia, kwa kuwa kazi yake ni kugonga. Langoni mlinzi aliweka mkono juu yake ili alisukume lipite, akaona lina joto. Akaliangalia. Likapumua. Mkataba ulimkataza kufungua na ukamkataza kuuliza, na siku hiyo, nadhani, alishukuru kukatazwa. Akaondoa mkono, akalipitisha.

Kibwana alilishusha mbele ya Bi Sikudhani, polepole, kama mtu anayeshusha mtungi uliojaa. Akamwambia, "Mama, linunue hili."

Mjumbe akasogea. Alisema kwamba robota ni la mikeka kumi na miwili na haliuzwi rejareja, na kwamba halifunguliwi mpaka lilipiwe, ndivyo mkataba unavyosema. Bi Sikudhani alikuwa anautazama mshono wa robota lile. Ulikuwa umelala upande wa kushoto. Akafungua pindo la kanga. Haikutosha. Jirani yake wa mkeka wa harusi akafungua la kwake, na Mzee Kunambi akatoa alichokuwa nacho, na yule muuza vitunguu, msishangae, akatoa pia. Mjumbe alipokea, akaandika stakabadhi, akampa. Mama alilipa bei ya mikeka kumi na miwili kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Ndipo akakata mshono. Mkeka wa juu ulifunguka, na wa pili, na katikati alikuwa amejikunja mtu, ameshika sindano ya kushonea mikeka. Hadia alitoka akisaidiwa, akasimama, amefumba macho kwa sababu ya mwanga. Alikuwa mwembamba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne, cha shahada hakikuwepo. Aliomba maji. Watu waliokuwa nyuma walivua kofia bila kujua kwa nini wanazivua, na wachukuzi waliokaa chini waliinuka. Mimi nimehudhuria ibada nyingi, na nyumba za ibada ninazijua, lakini sijawahi kusikia kimya kama nilivyosimuliwa kimya cha soko lile wakati mtu alipotoka ndani ya mzigo. Mama yake hakulia wakati ule. Alimnywesha maji, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akauangalia kidonda baada ya kidonda, kama msusi anayekagua kazi.

Mjumbe alifungua mkataba. Alitafuta kifungu kinachosema la kufanya mzigo ukiwa ni mtu. Alisoma kurasa za mizani, akasoma za barabara na za daraja. Watu wote walimsubiri, na kilichosikika ni karatasi tu zikigeuzwa. Alikuwa mtu mwangalifu na alitafuta kwa haki, ukurasa kwa ukurasa, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza tena mwanzo. Neno mtu halikuwemo.

Basi niambieni, nyinyi mtakaokwenda sokoni kesho: mkataba ule uliomfungia Hadia njia alipokuwa mtu, ukamfungulia alipokuwa mzigo, ulitiwa dole na nani kwa niaba yenu?